Mchana wa Mbwa wa Getini

Usiku mbwa wa Eastlands ana kazi, na mtaa mzima unaijua. Akibweka saa nane, mwenye nyumba hufungua jicho moja, akasikiliza kama ni paka au ni mtu, kisha akageukia upande wa pili. Soja wa kona anamtegemea. Mama mwenye ploti anamtegemea. Hata jirani asiyempenda, yule anayeshika nguo zake akipita karibu naye, anamtegemea bila kusema. Ila usiku huisha. Matatu zikianza kupiga honi alfajiri na watoto wakitoka na sare za shule, mbwa hurudishwa kwenye mnyororo kando ya kibanda chake cha mabati, akaachwa hapo mpaka giza liingie tena. Nusu ya maisha yake hupita hapo, na ni nusu ambayo hatuizungumzii.

Pita Umoja saa sita mchana, au Kayole, au Donholm, au Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970. Getini pameandikwa MBWA KALI kwa rangi nyekundu. Nyuma ya geti mkali mwenyewe amelala ubavu juu ya saruji, macho wazi, ulimi nje. Bati la kibanda limeshika joto kiasi kwamba hawezi kuingia ndani. Mnyororo umekwangua ardhi ukaacha nusu duara isiyoota hata jani, na kila kilichomo kina alama za meno: mwimo wa mlango, mpini wa fagio, ukingo wa karai la maji, ndala moja isiyo na mwenzake. Nje ya nusu duara hakuna alama yoyote. Anayetaka kujua mbwa huyo anavyoshinda atazame meno yalipopita.

Sisi huzihesabu alama hizo kuwa makosa. Mbwa huyu ni mtundu, ametafuna viatu. Amechimba shimo katikati ya sukuma wiki. Anabwekea kila mkokoteni wa maji na kila kijana anayekuja kuchukua taka. Mimi nimefikia kuamini kwamba karibu yote tunayoyaita utundu ni mnyama anayetafuta kazi ya mchana, na kwamba kazi hiyo tunaweza kumpa kwa vitu ambavyo tayari vimo ndani ya nyumba: fulana iliyochakaa, trei ya mayai, ukoko wa ugali. Ni jambo dogo kwetu. Kwa aliyefungwa pale sidhani kama ni dogo.

Raymond Coppinger, mwanabiolojia Mmarekani aliyefariki mwaka 2017, alitumia miaka mingi kuwatazama mbwa wasiofungwa na yeyote. Pamoja na mkewe Lorna alifika hadi Pemba, akawatazama mbwa wa vijijini wanaojitafutia riziki kando ya watu bila kuwa wa mtu fulani. Kwa maoni yake mbwa alitokea hivyo tangu zamani, akijisogeza karibu na makombo yetu kabla hatujamwita. Alieleza pia kwamba ndani ya kila mbwa mna mfuatano wa vitendo vya kuwinda, kimoja kikiita kingine: kugeuza kichwa, kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kuua, kurarua, kula. Wafugaji, kwa kuchagua nani azae na nani, wamekuza vitendo fulani kwa aina fulani ya mbwa na kufifisha vingine. Anayechunga kondoo anakazia macho na kunyemelea, asifike kwenye kuua. Mbwa wetu wa mtaani, mchanganyiko wa damu zote zilizopita Nairobi tangu reli, hajachaguliwa na mtu kwa hilo. Ana kidogo cha kila kitendo, na siku nzima vinamwasha mwilini.

Nikisoma hayo huwakumbuka mbwa wa jalala la Dandora. Jalala hilo lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na hadi leo malori bado yanamwaga taka pale. Mbwa wake wamekonda, wengine wana vidonda masikioni vilivyojaa nzi, na sitamsifia mtu maisha yale. Hata hivyo mchana wao una mambo. Lori likiinua mgongo wanainuka. Wananusa, wanachagua, wanavuta mfuko hadi pembeni, wanaurarua kwa miguu ya mbele na meno, wanagombania mfupa, wanalala kivulini wakiwa wamechoka kwa sababu ya kufanya kitu. Mbwa wa getini analishwa vizuri kuliko hao. Anawekewa ugali na mifupa ya bucha mara moja kwa siku, anavimaliza kwa dakika mbili, na kichwa kile kile cha kunusa na kurarua kinabaki na saa nyingine zote bila la kufanya.

Wengi wetu tukisikia kichezeo cha mbwa tunafikiria maduka ya Karen na Westlands, rafu yenye mifupa ya plastiki ya rangi ya waridi na mipira inayolia ikibanwa. Ni vitu vya mbwa wanaolala kwenye kochi. Nadhani ndiyo maana wazo lenyewe likitajwa katika mitaa yetu watu hucheka. Wamesahau kwamba hakuna mahali Nairobi penye mikono mizoefu ya kutengeneza vichezeo kama Eastlands. Watoto wa huku wameunda magari ya waya yenye usukani unaogeuka. Wamekata mikebe ya Kimbo wakaitia magurudumu ya ndala. Zaidi ya yote wameunda mpira.

Aliyekulia Kaloleni, Makongeni au Huruma kabla ya Agosti 2017 hahitaji kufundishwa. Majuala, yaani mifuko ya plastiki, yanakusanywa siku kadhaa. Moja linajazwa mengine yaliyokunjwa, linabanwa kwa magoti mpaka hewa itoke, linafungwa kwa kamba huku na huku, kisha tabaka jingine, kisha kamba tena, hadi mpira unapodundadunda kidogo na kukaa mguuni. Mpira wa namna hiyo una historia yake. Mkanada Bob Munro aliwaona watoto wa Mathare wakiuchezea, na mwaka 1987 kikaanzishwa Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, MYSA, ambacho watoto wake walikuja kusafisha mitaro ya mtaa na kupata pointi za ligi kwa kazi hiyo. Baadhi ya wachezaji waliofika timu ya taifa walianza kwa juala.

Kisha ikaja tarehe 28 Agosti 2017. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikapigwa marufuku kote nchini, adhabu ikiwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Sheria ilikuwa ya haki, na mtu aliyewahi kuona mto Nairobi ukipita Kariobangi baada ya mvua hawezi kubishana nayo. Lakini mpira wa juala ulikwenda nayo, na sikumbuki aliyeuombolezea. Watoto wenyewe hawakungoja rambirambi. Waligeukia matambara, sponji za magodoro mabovu na soksi kuukuu, wakaendelea kufunga kamba. Mpira huo mpya wa vitambaa, bila mtu kukusudia, ukawa karibu sana na kile anachokihitaji mbwa: laini kwa fizi, mwepesi, unaoraruka bila kuacha ncha, na uliojaa harufu za watu.

Kwa mbwa mimi huanza na fulana. Iwe ya pamba na iwe imechakaa kweli, kwa kuwa kitambaa chenye nailoni hutoa nyuzi ndefu zinazokwenda hadi utumboni. Weka fulana mezani, ukate kutoka upindo wa chini kwenda juu hadi kwapani, vipande virefu vyenye upana wa vidole vitatu. Ukivuta kila kipande kwa nguvu kitajikunja chenyewe kikawa kama kamba nene. Chukua sita, uvipange viwiliviwili, upige fundo kichwani, fundo kubwa kuliko unavyodhani inafaa, kisha mtu mmoja ashike fundo hilo au ulining'inize kwenye komeo la geti, na wewe usuke. Suka ukikaza. Msusi yeyote wa saluni atakusukia kamba isiyofunguka wiki nzima, na vidole vyake haviwazi hata kidogo. Mimi yangu hulegea katikati na huhitaji fundo la pili kuiokoa. Mwisho piga fundo tena. Fundo liwe kubwa kuliko koo la mbwa wako, na kamba iwe ndefu kiasi cha mikono miwili kushika ncha moja huku meno yameshika nyingine.

Fulana hiyo usiifue kwanza. Hapo huwa nabishana na watu wasafi. Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, aliwazoesha mbwa kulala wametulia ndani ya mashine ya MRI bila kufungwa wala kulazwa kwa dawa, kisha akawanusisha harufu tano: ya mbwa mwenyewe, ya mbwa anayemfahamu, ya mbwa mgeni, ya mtu mgeni, na ya mtu wa nyumbani mwao. Sehemu ya ubongo inayohusika na matarajio ya jambo jema iliamka zaidi kwa harufu ya mtu wa nyumbani, ingawa mtu huyo hakuwapo chumbani. Basi fikiria mbwa wa Umoja ambaye mwenye nyumba ametoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi zamu Industrial Area, na atarudi kukiwa giza. Kamba iliyosukwa kwa fulana yenye jasho la mtu huyo ina maana kwa mbwa ambayo mfupa wa plastiki wa Westlands hauwezi kuwa nayo.

Miguu ya suruali za jeans nayo ni mali. Kata mguu mmoja, toa vifungo, zipu na misumari ile midogo ya mifukoni, uujaze mabaki ya fulana, ufunge ncha zote mbili. Hicho kitadumu kwa mbwa mwenye taya. Nguo za mitumba za Gikomba zina sifa moja: zilishafuliwa mara nyingi na watu wa mbali kabla ya kufika kwetu, na kitambaa chake kimelainika. Suruali iliyovaliwa Ujerumani, ikavaliwa tena Jericho na kaka wawili, mmoja baada ya mwingine, bado ina kazi nyingine ya kufanya.

Ningependa mtu wa jua kali asome aya hii. Kichezeo cha mbwa kinachojulikana zaidi duniani, ile raba nyekundu yenye vivimbe vitatu vilivyopandana na tundu katikati, hakikutoka kwenye maabara. Miaka ya 1970, Joe Markham wa Colorado, Marekani, alikuwa na mbwa aliyeitwa Fritz ambaye alikuwa akitafuna mawe hadi meno yanaisha. Markham alikuwa akitengeneza gari la Volkswagen, akitupa vipuri pembeni, na Fritz akaokota raba moja ya sehemu za chini za gari, akakataa kuiachia. Markham akaitazama raba ile kwa makini, na mwaka 1976 ikazaliwa kampuni ya Kong. Tukio kama hilo lingeweza kutokea kwenye gereji za Grogon siku yoyote. Pale vipuri viko chini, mbwa wako pale pale wamelala chini ya magari, na mafundi wana jicho. Sishauri mtu kumpa mbwa raba aliyoiokota gereji, maana imelowa grisi na oili, na mara nyingi ndani yake mna chuma. Tairi nalo lina waya. Ila wazo la tundu katikati halina hakimiliki ya Mungu: kitu kigumu kidogo, chenye nafasi ya kuficha chakula, ambacho hutoa kilichomo polepole kwa anayehangaika nacho.

Huku kwetu nafasi hiyo hupatikana kwenye trei ya mayai ya karatasi. Dukani huzitupa. Weka ukoko wa ugali uliovunjwavunjwa kwenye vishimo, nyunyiza omena waliokaushwa, wawili huku, mmoja kule, acha vishimo vingine vitupu kwa makusudi. Funika kwa trei ya pili. Zungushia kurasa za gazeti la juzi, uweke yote ndani ya boksi la sabuni, kisha mpe mbwa.

Mbwa wetu, Jeki, mara ya kwanza alisimama tu. Alizoea chakula kiwe kwenye karai. Alizunguka boksi, akanusa kona, akapiga chafya, akatutazama sisi mmoja mmoja ili apate ruhusa. Kisha pua ilishuka, na kuanzia hapo hakututazama tena. Ukikaa karibu unasikia ile pumzi fupifupi, mfululizo, inayofanana na mtu anayepuliza makaa. Mbwa ana vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kupita milioni 100, sisi tuna kama milioni 5 au 6, kwa hiyo sitajaribu kueleza omena ni nini kwake kupitia tabaka nne za karatasi. Alipasua gazeti kwa meno ya mbele, taratibu, akikitema kila kipande pembeni. Alikanyaga boksi kwa mguu mmoja ili lisiteleze, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alipolifungua alikula kidogo sana, maana kilichokuwamo ni kidogo sana, kisha akarudi kukagua vishimo vyote, hata vile nilivyoviacha vitupu, na akavilamba. Baadaye alilala, usingizi mzito wa kuota na kutikisa miguu, mchana kweupe, mkokoteni wa maji ukipita mlangoni.

Uwanja ulichafuka, ndiyo. Vipande vya gazeti vilifika hadi kwa jirani, na ni lazima vifagiliwe mara moja kwa heshima ya ploti. Lakini angalia alichokifanya: alitafuta, alikamata, alirarua, alikula. Mfuatano wote wa Coppinger ulipita ndani ya boksi la sabuni.

Kuna vitu vya kuogopa, na hapa nitasema kwa haraka kwa sababu madaktari wa mifugo wanavijua kuliko mimi. Gunzi ni la kwanza. Mahindi choma yakiliwa, gunzi hutupiwa mbwa na kila mtu hufurahi anavyolikimbilia. Gunzi haliyeyuki tumboni, linaweza kuziba utumbo, na hapo mbwa hutapika siku kadhaa hadi afanyiwe upasuaji au afe. Mfupa uliopikwa hupasuka ukawa vijiti vyenye ncha, hasa wa kuku. Soksi nzima humezwa. Uzi wa gunia la nailoni humezwa. Chupa ya maji ya plastiki ni nzuri kwa sababu ya kelele yake, mradi utoe kifuniko na ile pete ya shingoni, na uichukue mara tu inapoanza kuchanika. Unga ulioota ukungu, ambao watu humpikia mbwa ili usipotee, huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, inayoua ini la mbwa kama linavyouawa la mtu. Kichezeo cha nyumbani kinataka jicho la mtu wa nyumbani. Kikiisha kiondolewe. Sioni hasara kikidumu siku tatu tu. Fulana ilikuwa ikienda kuwa tambara la kupangusia pikipiki.

Jambo ambalo limenichukua muda kuliona ni kwamba kamba ile ya fulana, ukimtupia mbwa na kuondoka, mara nyingi atainusa, ataiguguna kidogo, kisha ataiacha. Trei ya omena anaifanyia kazi peke yake. Kamba anataka uishike. Atakuletea magotini, ataiangusha, atarudi nyuma hatua mbili, kisha atainamisha kifua hadi miguu ya mbele iguse chini huku makalio yako juu na mkia unakwenda. Marc Bekoff wa Chuo Kikuu cha Colorado alichunguza kuinama huko kwa miaka, na katika makala yake ya mwaka 1995 alionyesha kwamba mbwa hufanya hivyo hasa kabla au baada ya kung'ata kunakoweza kueleweka vibaya, kana kwamba anatangaza kuwa yajayo ni mchezo na yaliyopita yalikuwa mchezo. Mnyama ambaye kibao cha geti kinasema ni mkali ana njia ya wazi kabisa ya kusema sasa hivi sina ukali. Watoto wa mtaa huisoma ishara hiyo bila kufunzwa. Watu wazima wengi tumekaa na mbwa miaka kumi bila kuiona, kwa sababu aliyefungwa mnyororo mfupi hana nafasi ya kurudi nyuma hatua mbili.

Kabla ya kamba, chanjo. Hilo silijadili. Kichaa cha mbwa kiliandikwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi hii hii, na serikali imejiwekea mpango wa kukimaliza ulioanza 2014 na unaofika 2030. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaouawa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndio wale wale watakaotaka kuvuta kamba. Chanjo ya mbwa kila mwaka, mnyororo uwe mrefu au usiwepo kabisa geti likiwa limefungwa, na mtu mzima awepo mtoto anapocheza. Chama cha KSPCA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910, kimekuwa kikirudia maneno haya kwa vizazi vingi vya wakazi wa Nairobi.

Na kuna majirani. Pumwani, Majengo, Eastleigh na hata Umoja tunaishi na Waislamu ambao udende wa mbwa kwao ni najisi inayowalazimu kuosha mara saba. Wazee wa pwani walikwisha kuonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, na maana yake ya kawaida inahusu watu wasiojua mipaka. Lakini ichukue pia kwa maana yake ya wazi. Mbwa wako akicheza, acheze ndani ya geti lako, kamba yake isiachwe kwenye ngazi za ploti, na mikono yako ioshwe kabla hujampa mzee mkono. Nimemsikia mzee wa msikiti akiwakanya vijana waliokuwa wakimrushia mbwa mawe, akiwakumbusha yule aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Heshima ya jirani na huruma kwa mnyama hazijawahi kugombana mbele ya mzee yule.

Pingamizi kubwa zaidi, hata hivyo, husemwa na wanaume, na husemwa kwa uhakika: utamharibu mbwa. Mbwa akichezeshwa atapoteza ukali, mwizi atamtupia kamba naye atatikisa mkia. Ndiyo imani iliyowafunga mbwa wetu kwa miaka. Wengine humnyima chakula, wengine humpaka pilipili puani, wakidhani uchungu wa mchana ndio unaogeuka kuwa ulinzi wa usiku.

Sikubaliani nao, na hoja yangu ni ya mtu anayelala ndani ya nyumba inayolindwa. Mbwa hubweka usiku kwa sababu anajua nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Ujuzi huo anaupata kwa kukaa karibu na watu wa hapa, kwa harufu zao na sauti zao, na kucheza ni namna mojawapo ya kukaa karibu. Isitoshe, mbwa aliyechoshwa na upweke hubwekea kila kitu mchana kutwa: mkokoteni, ndege, mtoto wa jirani, karatasi inayopeperuka. Ikifika saa nane za usiku, ni nani bado anamsikiliza? Mtaa mzima umeshajifunza kumpuuza. Aliyefanya kazi yake ya pua na meno mchana, akalala, huamka usiku akiwa na akili yake yote, na akibweka watu hufungua macho yote mawili. Anayebisha akae nyumbani siku moja kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, ahesabu mbwa wake anabweka mara ngapi, na anabwekea nini.

Akimaliza kuhesabu, apite kwa mafundi wa nguo wa Mutindwa. Chini ya kila cherehani pana rundo la vipande vya jeans, vingine virefu vya kutosha kusukwa bila kuunganishwa, na hakuna fundi niliyemwona akiviuza. Mtu aombe tu, mapema, kwa kuwa jioni hufagiliwa na kuchomwa.